Natafuta kikao cha walioacha pombe hapa Unguja, mwenye kujua anielekeze

Mpishi wa Pwani

Assalaam alaykum jamvini.

Nina haja, naomba wenye kujua wanijibu. Mimi ni mtu wa Ng'ambo hapa mjini Unguja, kazi yangu ni jikoni kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki. Nakunywa pombe na nataka kuacha. Nilianza na mabaki ya mezani kwa wageni, siku hizi nanunua kwa pesa yangu, na siku ya mapumziko nikishuka mjini sifiki nyumbani kabla sijapita pa kupita. Mke wangu anajua. Mama nadhani anajua na ananisitiri.

Kuna mgeni mmoja, mtu mzima kutoka Uingereza, aliwauliza watu wa mapokezi wamuelekeze kikao cha AA (Alcoholics Anonymous) hapa Zanzibar. Walitazamana tu. Akawaeleza kuwa ni watu waliokuwa walevi, hukutana wakazungumza, hawahubiriwi wala hawafungiwi. Mimi nilikuwa napita na trei ya vikombe, nikasimama mpaka akamaliza. Tangu siku ile nautafuta huo mkutano kimya kimya.

Maswali yangu ni haya. Vikao hivyo viko wapi hapa kwetu? Lazima nikalale soba hausi, zile nyumba za kuachia ulevi? Mimi sivuti unga, ni pombe tu, na kazi siwezi kuiacha. Mapumziko yangu ni Jumatano. Na kubwa kuliko yote, mji wetu ni mdogo: nikionekana naingia mahali kama hapo, kabla sijatoka habari imeshafika sokoni Darajani.

Jengine, Ramadhani huwa naacha mwezi mzima. Kwa hiyo hata sijui kama mimi ni wa huko au najitia hofu bure.

Mkweli Daima

Pombe ni haramu, acha. Vikao vya nini? Msikiti uko kila mtaa.

Mgeni wa Amani

Kaka, hongera kwa kuuliza. Mimi ni wa bara, nafanya kazi hapa. Nilikuwa kwenye vikao hivyo Dar. Vipo na hapa, usikate tamaa.

Nesi wa Zamu

Kaka yangu Mpishi, kabla hujatafuta kikao nijibu kwanza: unakunywa kila siku? Ukiamka asubuhi bila kunywa mikono inatetemeka? Umewahi kuanguka degedege?

Nauliza kwa sababu anayekunywa kila siku kwa muda mrefu hatakiwi kukata ghafla akiwa peke yake chumbani. Baada ya gilasi ya mwisho, kati ya saa 6 na saa 24 huanza kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu, usingizi kuruka. Degedege likija, mara nyingi huja ndani ya saa 48 za mwanzo. Siku ya pili mpaka ya nne ndiyo ya kuogopwa zaidi, maana wengine huchanganyikiwa, hupata homa, huona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo. Hapa kwetu mtu akifika hapo watu wa nyumbani husema kapagawa, akasomewa au akapelekwa kwa mganga. Kusomewa hakuna ubaya, lakini msomeeni akiwa kitandani spitali, kwa sababu hali hiyo inaua isipotibiwa.

Spitali kuna dawa za kuushusha mwili taratibu, na vitamini B1, ambayo mnywaji wa muda mrefu huwa kapungukiwa nayo na ubongo unaihitaji. Usiende duka la dawa ukanunua vidonge vya usingizi ukajitibu. Vidonge hivyo vikikutana na pombe mwilini, pumzi inaweza kusimama.

Mjini nenda Mnazi Mmoja, au kitengo cha afya ya akili Kidongo Chekundu. Na usitishike na jina la Kidongo Chekundu. Watu wanadhani anayeingia pale ni mwendawazimu. Wanaingia watu wa kila aina, wanatibiwa, wanarudi kazini.

Mpishi wa Pwani

Ahsante sana dada Nesi. Si kila siku, lakini siku nyingi. Degedege hapana. Mikono ndiyo. Zamani Ramadhani ikiingia sikuwa nahisi kitu. Hii ya mwisho, siku ya pili nilishindwa kushika kisu sawasawa, nikamwambia mwenzangu nina homa.

Nesi wa Zamu

Basi usiache peke yako. Pita spitali kwanza, waambie kweli kiasi unachokunywa, usipunguze. Hapo zamani mwili ulikuwa haujazoea, sasa umezoea. Ndiyo maana ya ile mikono.

Mzee wa Miembeni

Wa alaykumu salaam mwanangu Mpishi. Nimeusoma uzi wako mara mbili kabla sijaandika. Mimi nimekunywa mpaka nikauza bati la nyumba ya marehemu baba, na leo sinywi kwa miaka mingi, alhamdulillah. Vikao unavyoviulizia ndivyo vilivyonishika mkono, kwa hiyo niruhusu niseme kwa urefu.

Huyo mgeni wenu wa Uingereza amenikumbusha namna vikao vyenyewe vilivyoanza. Mwaka 1935 Mmarekani mmoja, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, alisafiri kwenda mji wa Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka ikaharibika. Akabaki peke yake kwenye ukumbi wa hoteli, baa iko wazi, anasikia watu wanacheka, na yeye alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu. Alijua akiingia mle kamaliza. Akaenda kwenye simu, akaanza kuwapigia viongozi wa makanisa ya mji ule, mmoja baada ya mmoja, akiomba akutanishwe na mlevi yeyote azungumze naye. Hakuwa anatafuta mtu wa kumhubiria. Alitaka kukaa na mtu mwenye ugonjwa kama wake. Akapelekwa kwa Dokta Bob Smith, daktari wa upasuaji aliyekuwa mlevi wa kupindukia. Wakakaa saa nyingi. Siku aliyokunywa mara ya mwisho yule daktari, tarehe 10 Juni 1935, ndiyo AA wanayoihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwao.

Nakuambia haya wewe mtu wa hotelini ujue kuwa unalolifanya hapa, kuuliza "nani mwenzangu," ndilo lile lile.

Sasa majibu yako. Kulala soba hausi si lazima. Soba hausi ni kwa mtu ambaye nyumbani hapakaliki, au akitoka nje tu anarudia. Zimekuwepo hapa Unguja tangu kiasi cha mwaka 2009, nyingi zinaendeshwa na watu waliopita wenyewe kwenye ulevi, na nyingi zinafuata hatua 12 zile zile za AA, anazozipitia mtu moja moja ili aache. Kwa hiyo ndani yake mna mitingi, yaani hivyo vikao, na ziko zinazomruhusu mtu wa nje aingie, akae, akimaliza aende zake. Namna ya kuuliza: usiseme "nataka matibabu," watakuandalia kitanda. Sema "nataka kuhudhuria mitingi ya wazi, ni siku gani na saa ngapi?" Ya wazi anaingia yeyote, hata ndugu au mwanafunzi anayetaka kujifunza. Ya ndani ni ya wenyewe tu, wanaotaka kuacha. Wewe unaruhusiwa zote mbili, kwani sharti la uanachama ni moja: utake kuacha kunywa. Hakuna kiingilio, hakuna fomu, hakuna daftari la majina. Bakuli likizungushwa mwishoni ni la chai na kodi ya chumba, na mgeni halimhusu.

Kuhusu kuonekana. Utakayemuona mle ndani na yeye kakuona. Hilo peke yake linafunga midomo mingi. Na sheria yao wanaitamka kila kikao: ulilolisikia hapa liache hapa. Mimi nimekaa na watu ninaowajua tangu skuli, na watu wenye vyeo, na sijawahi kukutana na maneno yangu barazani. Hata hivyo tahadhari si ubaya. Chagua kikao cha mtaa usio wako. Taja jina moja tu. Wengi huenda baada ya Isha, giza limeshaingia, na mtu anayepita njiani baada ya Isha hana wa kumuuliza anakokwenda.

Na hili la Ramadhani. Nililisema na mimi miaka mingi: "Mlevi gani anayeacha mwezi mzima?" Lakini jiulize jambo moja. Siku ya Iddi, ukinywa gilasi ya kwanza, ya pili unaiamua wewe? Mimi nilikuwa nahesabu siku za mfungo kama wanavyohesabu watu wote, ila wao walikuwa wakingoja nguo mpya na mimi nilikuwa nangojea chupa. Kuacha kwa kuwa unajua siku ya kurudi ni kuahirisha tu. Hatua ya kwanza katika zile 12 inazungumzia hapo hapo: mtu akubali kwamba mbele ya pombe nguvu hana. Wengi wetu Waislamu tunakwama hapo, tunaona ni aibu kukiri udhaifu, na kila siku tunasimama kwenye sala tunasema "Wewe tu ndiye tunayekuomba msaada."

Nitakuandikia faragha mahali na saa. Hapa hadharani sitaji, kwa heshima ya waliomo.

Mpishi wa Pwani

Shikamoo mzee wangu. Sina la kusema. Nimeupata ujumbe.

Mkweli Daima

Mzee nakuheshimu, ila hatua 12 za Wamarekani za kazi gani kwetu? Sisi tuna dini iliyokamilika. Huku ni kuwafundisha watu kusema hadharani dhambi ambazo Mungu kawasitiri.

Ustadh wa Jioni

Ndugu yangu Mkweli, nakujibu kwa mapenzi. Nasomesha madrasa, na nimekaa na vijana wa namna hii.

Umar, Mungu amuwie radhi, amepokea habari ya Sahaba mmoja, jina lake Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtu huyo alikuwa akinywa, na alishaadhibiwa kwa kunywa. Siku moja akaletwa tena, akapigwa. Mmoja wa waliokuwepo akasema, Mungu amlaani, mara ngapi analetwa huyu! Mtume akamkataza asimlaani, akasema kuwa anachokijua yeye ni kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Na katika mapokezi mengine yanayofanana na hayo akawaambia wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao.

Zingatia. Mtu kaletwa zaidi ya mara moja, na bado hakutolewa katika watu wa msikitini. Sasa tazama sisi. Kijana akinuka pombe tunampisha safu nzima. Atakuja lini kuuliza? Tunamwambia msikiti uko kila mtaa, na akifika tunamtazama viatu mpaka kichwani.

Kuhusu kusema dhambi hadharani, hofu yako ina asili, na dini inatutaka tusitangaze tulilositiriwa. Lakini mgonjwa akimweleza tabibu ugonjwa wake hatangazi. Na hata pombe yenyewe haikukatazwa kwa siku moja. Kwanza aya ya Suratul Baqara ikasema dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake, kisha Suratun Nisaa ikawakataza watu wasiisogelee sala wakiwa wamelewa, kisha ndiyo ikaja ya Suratul Maida kuifunga kabisa. Mola aliyewaumba watu aliwapandisha ngazi kwa ngazi.

Mpishi, sali hata kama jana ulikunywa. Wala usikae ukisema nitaanza kusali nikishaacha. Na kikaoni nenda.

Mzee wa Miembeni

Jazakallah ustadh. Niongeze kidogo: zile hatua zinamtaja Mungu "kama tunavyomjua sisi," kila mtu kwa anavyomjua. Kikao chetu husimama kwa adhana. Ndugu zetu Wakristo husubiri, tukirudi tunaendelea.

Mkweli Daima

Nimekusikieni. Mungu amsahilishie.

Mkaazi wa Fuoni

Bro Mpishi, macho yangu yalisimama pale uliposema "sivuti unga, ni pombe tu." Nilikuwa teja, unga wa kujidunga, sasa niko rikavari, yaani nimeacha. Nataka nikuandae kabla hujaingia.

Vikao vingi vya hapa Unguja utawakuta tuliotoka kwenye unga ndio wengi. Ni kwa sababu soba hausi zilianza kwa ajili yetu. Vingi vinaitwa NA (Narcotics Anonymous), vya walioacha dawa za kulevya, si AA. NA ilianza Marekani 1953, ikazichukua zile hatua za AA, ila badala ya kutaja pombe inataja uraibu wenyewe. Na kwa NA pombe ni dawa ya kulevya kama nyengine, kwa hiyo ukiingia na kusema tatizo lako ni pombe hakuna atakayekuambia umepotea njia.

Ila utasikia hadithi za sindano, za kuiba, za jela, na moyo utakwambia "mimi si kama hawa." Hapo ndipo nilipowaona walevi wengi wakitoka na hawarudi. Sikiliza unayofanana nayo. Kudanganya mke, kukopa, kujificha, kuapa asubuhi na kuvunja jioni. Hivyo vyote tunavyo sisi na mnavyo nyinyi.

Halafu kuna jambo watu huchanganya. Methadone inayotolewa Kidongo Chekundu tangu 2015 ni ya waliokuwa wanatumia heroini. Haitibu pombe. Mtu asikwambie kapange foleni ya dawa ile.

Mama Watatu

Naomba niingie hapa, mimi ni ndugu wa mlevi. Kaka yangu. Nimemlipia madeni, nimemwambia bosi wake anaumwa, nimemfulia nguo usiku ili mama asizione. Nimechoka na hana hata dalili ya kutaka kuacha.

Mwaka juzi tulimpeleka nyumba moja ya kuachia, sitaitaja. Walikuja na gari usiku wakamchukua kwa nguvu, pesa tukalipa. Tulipokwenda kumtazama tulizuiwa, na siku tuliyoruhusiwa tukamkuta na alama za fimbo mgongoni. Tukamtoa. Tangu hapo ukimtajia mitingi anatoka nje.

Sasa kuna shoga yangu anasema kuna vidonge ukimtilia mtu kwenye chai, akinywa pombe anaumwa vibaya mpaka anaichukia. Ni kweli? Nitilie?

Nesi wa Zamu

Dada yangu, usitie! Dawa hiyo ipo, inaitwa disulfiram, na hupewa mtu kwa ridhaa yake, baada ya kupimwa, akijua kabisa kuwa akinywa hata kidogo itamuangusha. Ukimtilia bila kujua, akaenda kunywa kama kawaida yake, presha inaweza kushuka ghafla na moyo ukapata shida. Unaweza kumzika kwa kikombe cha chai.

Mzee wa Miembeni

Mwanangu Mama Watatu, pole. Uliyoyaona si mitingi, wala fimbo si tiba. Kabla ya kulipa pesa nyumba yoyote, nenda mchana kwa miguu yako. Omba kuingia ndani, si kukaa ofisini. Tazama jiko na vyoo. Zungumza na wanaoishi mle bila msimamizi kusimama karibu. Uliza ndugu wanaruhusiwa kuja lini, na mtu akitaka kutoka inakuwaje. Uliza usiku mgonjwa akizidiwa anapelekwa spitali gani na nani. Wakikasirika kuulizwa, ondoka na pesa yako.

Na wewe mwenyewe una kikao chako. Mke wa Bill Wilson, Lois, aliona wake za walevi wanawangojea waume zao nje ya mitingi, na wao wamechoka kuliko waliomo ndani. Mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaanzisha Al-Anon, ya ndugu na wenza wa walevi. Mle hufundishwi namna ya kumuachisha kaka yako. Unajifunza kuacha kumfichia, kuacha kumlipia, na kulala usingizi. Kwa mtandao vikao vyao vipo kila siku. Kile cha kumwambia bosi wake anaumwa, anza nacho hicho: usiseme uongo tena kwa niaba yake. Hutamtukana, hutamfukuza. Utamuachia tu mambo yake yamfikie mwenyewe.

Mama Watatu

Nimelia nilipoisoma hiyo ya kumfichia. Ahsante mzee.

Sitaji Jina

Na wanawake je? Nauliza kwa niaba yangu mwenyewe. Mwanamme akilewa hapa kwetu anaitwa mlevi, siku akiacha anaitwa mcha Mungu. Mimi nikijulikana naachwa na watoto nachukuliwa. Siwezi kuingia chumba cha wanaume.

Nesi wa Zamu

Dada, hukukosea kuuliza, na uliyoyasema ni kweli tupu. Nyumba nyingi za hapa ni za wanaume, za wanawake ni chache mno. Nimekuandikia faragha, tuonane kama mgonjwa na nesi, hakuna atakayejua ni la nini.

Mgeni wa Amani

Dada, kuna njia ya mtandao ambayo mimi mwenyewe naitumia wiki zenye zamu nyingi. AA wana orodha ya vikao vya mtandaoni vya dunia nzima, inaitwa Online Intergroup, mchana na usiku havikatiki, na viko vya wanawake peke yao. Unaingia kwa Zoom, picha umezima, jina unaandika lolote. Husemi kitu kama hutaki.

Angalieni saa tu. Ikiandikwa saa 17:00 UTC, yaani saa ya dunia, kwetu ni saa 2 usiku. Wengi hukosea hapo, wanafungua wanakuta kimeisha. Kama Kiingereza kinakutatiza, tafuta vikao vya Kenya: Nairobi kuna makundi mengi ya AA, saa zao ni zetu na lugha mtaelewana. Na kuna programu ya simu ya AA, Meeting Guide, unaweka mahali ulipo inakuonyesha vikao vya karibu. Kwa huku visiwani usiitegemee peke yake, maana kikundi kisichojiandikisha hakitokei. Uliza na watu.

Sitaji Jina

Nashukuru. Nitajaribu leo watoto wakilala.

Msimamizi

Maoni mawili ya matusi yameondolewa. Mtu yeyote asitaje hapa jina, mtaa wala namba ya simu ya anayehudhuria vikao, hata kwa nia njema. Tumieni ujumbe wa faragha.

Mpishi wa Pwani

Wakubwa zangu, narudi kutoa habari.

Spitali nimekwenda. Daktari kijana, aliniuliza maswali kumi ya kwenye karatasi: nakunywa mara ngapi, nimewahi kuumia au kuumiza mtu, kuna aliyenishauri nipunguze. Akajumlisha, akanionyesha namba bila kunikunjia uso. Nikapewa dawa za siku chache na masharti, mke wangu ndiye aliyekuwa akinipa kwa mkono wake. Jikoni nimeomba ruhusa ya ugonjwa, na ni ugonjwa kweli.

Jumatano nikaenda pale aliponielekeza mzee. Nilipanda gari, nikashuka kituo kimoja kabla, nikatembea. Mlangoni viatu vimejaa, kandambili, makubadhi, na pea moja ya viatu vyeusi vya ofisini vimepigwa rangi vikang'ara. Niliviangalia vile viatu vya ofisini muda mrefu kuliko nilivyoangalia kitu chochote. Nikavua vyangu nikaviweka pembeni yake.

Ndani mkeka wa plastiki na viti vichache kwa wazee. Hatua 12 zimeandikwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa, herufi za mwisho zimebanana kwa kukosa nafasi. Mmoja anasema jina lake, anasema mimi ni mraibu, wote wanamuitikia karibu fulani, anashea, yaani anaeleza yake, anamaliza, wanamshukuru. Hakuna anayemkata wala kumshauri. Kuna aliyeshea kuhusu mama yake anayemficha pochi mpaka leo, na yeye ameshaacha miaka. Alisema hamlaumu, anaileta pesa yote ya mshahara mezani kila mwezi, anamsubiri.

Ilipofika zamu yangu nikasema jina tu na kwamba ni pombe. Sauti ilinikwama. Wakaitikia vile vile walivyowaitikia wengine.

Baadae mtu mmoja akaniandikia namba yake, akasema: ukisikia hamu, piga kabla hujanywa, ukishakunywa piga pia lakini nitakuwa na kazi kubwa zaidi. Nimempigia. Ilikuwa usiku, wenzangu wa kazini wamekaa ufukweni na chupa, mimi niko nyuma ya stoo na simu sikioni. Alinizungumzisha habari za mpira mpaka wenzangu wakaenda kulala.

Mzee wa Miembeni

Alhamdulillah. Sasa jambo moja la kazi yako. Mabaki ya mezani usiyamwage wewe, mwambie mwenzako. Na mchuzi au keki ya kutiwa mvinyo usiuonje, muombe mwengine aonje. Utasema ni kijiko tu. Ndicho hicho.

Mkaazi wa Fuoni

Tafuta na sponsa mapema, bro. Mtu aliyetangulia, mwanamme mwenzio, anayekupitisha kwenye hatua moja moja. Huyo aliyekupa namba muombe yeye. Na msimu wa masika hoteli zikifunga, ndipo watu wa pwani wengi wanapoanguka: pesa ya mwisho mkononi, kazi hakuna, mvua nje. Panga kabla ya Aprili utakuwa unakaa wapi na utahudhuria siku gani.

Mpishi wa Pwani

Nimeshamuomba, kakubali. Ya masika sikuwa nimeifikiria. Nitashuka kukaa mjini miezi ile, Jumatano itakuwa na ndugu zake.

Kijana wa Chake

Jamani nimeusoma uzi wote. Mie niko Pemba. Huku kwetu hata hiyo soba hausi kuifikia ni safari, na kila mtu anamjua babu wa mwenziwe. Mie na rafiki yangu mmoja tunataka kuacha, tembo la mnazi na hizi pombe za chupa. Tufanyeje, tuhamie Unguja?

Mzee wa Miembeni

Yakhe, nyinyi mko wawili? Basi kikao mnacho. Mila ya AA inasema wazi kuwa walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha kunywa wanaweza kujiita kikundi, alimradi kama kikundi wasijifunge na chama au taasisi nyengine. Hamuhitaji ruhusa ya mtu, wala ofisi, wala bango. Chagueni siku moja ya wiki na saa moja, msiibadilishe hata kama mmoja anaumwa. Someni hatua moja, kila mmoja ashee bila kukatwa, mumalize kwa dua. Kama mnakunywa kila siku, nendeni spitali ya Chake Chake kwanza, mkasome alivyoandika Nesi hapo juu.

Kwa kuanza, sisi huku tutakuwekeni kwenye simu kikao chetu cha Jumatano, mkae nyinyi wawili mbele ya simu moja. Nimekuandikia namba. Nipigie kesho baada ya Isha, na rafiki yako awepo.

Kijana wa Chake

Nimeipata mzee. Kesho tutapiga, mtandao ukisumbua tutarudia mpaka ushike.